Wafu wa Bei Nafuu na Sauti ya Mtafsiri

Ukiwawekea watu wa Mushaki filamu ya maiti wanaofufuka na kula walio hai, jicho lao haliendi kwa maiti. Linakwenda kwenye mizigo. Nani kabeba nini, nani kasahau nini, mtoto kafungwa mgongoni kwa nani, bidon ya maji imeachwa wapi. Maiti mwenyewe anaweza kuwa kijana aliyepakwa unga usoni na kuvikwa shati lililochanika. Hilo watalisamehe, maana pesa ya kumpamba haikuwepo. Lakini mama akitoka mbio nyumbani bila sufuria wala kitenge cha kumfungia mtoto, miguno inaanza benchi la mbele na kufika mlangoni. "Juu ya nini hana bidon?" Mtu akishauliza hivyo, filamu imeshtakiwa.

Na washitaki wanajua wanachokisema. Mushaki ipo juu, kwenye barabara inayopanda kutoka Sake kuelekea Masisi, katikati ya vilima vya malisho ambako maziwa na jibini za Masisi hutoka kwenda kuuzwa Goma. Desemba 2007 jeshi la serikali ya Kongo liliiteka kutoka mikononi mwa wapiganaji wa Laurent Nkunda na kuipoteza tena baada ya siku chache. Februari 2023 waasi wa M23 waliingia. Wakaondoka, wakarudi kabla mwaka haujaisha. Kila mara barabara ilijaa watu wakiteremka Sake, na kutoka Sake wakielekea Goma na kambi zake. Aliyewahi kuipita njia hiyo na godoro kichwani anajua uzito wake unavyoongezeka mvua ikilishika. Anajua mtoto wa miaka sita anatembea mwendo gani kabla hajakaa chini na kukataa. Filamu ya kunusurika, ikifika mbele ya mtu wa namna hii, imekwenda kufanya mtihani.

Filamu yenye pesa nyingi hujiokoa kwa kelele. Helikopta inapita, jengo linaanguka, na swali la bidon linazama humo. Filamu maskini haina pa kujificha. Ina nyumba moja, watu saba, usiku mmoja, na kila kosa linaonekana. Ndiyo maana ninapenda kuzifikiria filamu maskini, na hasa kuwafikiria mafundi wawili ambao kazi yao huonekana vizuri zaidi pesa inapokosekana: yule aliyeitengeneza, na yule anayeisimulia kwa Kiswahili mbele ya watu wasiojua Kiingereza. Huyu wa pili huku kwetu tunamwita mtafsiri, ingawa kutafsiri ni sehemu ndogo tu ya anachofanya.

Nina filamu moja ambayo ningeichagua kila mara kuupimia ufundi wao. Ni *Night of the Living Dead* ya George Romero, iliyotoka mwaka 1968 huko Pittsburgh, Marekani. Ndiyo mama wa filamu zote za maiti wala watu, na ilitengenezwa na watu waliokuwa wakijipatia riziki kwa matangazo ya biashara. Walianza kwa kuchanga, watu kumi, dola 600 kila mmoja. Hadi mwisho ilikuwa imegharimu dola kama 114,000, fedha ambazo kwa sinema ya Marekani zilikuwa chache mno. Walikodi nyumba ya shambani karibu na Evans City iliyokuwa ikingoja kubomolewa, na kwa hiyo wakawa na ruhusa ya kuivunja watakavyo. Walipiga picha nyeusi na nyeupe, na hapo umaskini ukawapa zawadi: damu ilikuwa sharubati ya chokoleti, kwa sababu isiyo na rangi haihitaji kuwa nyekundu. Nyama wanayoitafuna wafu ilikuwa nyama ya nguruwe iliyookwa, na matumbo yalitoka buchani, kwani mmoja wa waliohusika alikuwa mwenye bucha. Wafu wenyewe walikuwa marafiki, majirani na watu wa mji.

Watu wa Masisi ni wafugaji na wana wa wafugaji. Utumbo wanaujua. Nimeitazama filamu hii pamoja na watu waliotoka huko, na lilipofika lile tukio la wafu kugombania matumbo, hakuna aliyefumba macho. Walisogea karibu. Hukumu ilitoka kwa mzee mmoja: yale ni ya kweli, lakini hayakuoshwa vizuri. Niliipokea kama sifa kubwa. Leo kuna filamu zinazolipa makampuni makubwa kuchora matumbo kwa kompyuta, na yanang'aa kwa namna ambayo mtu aliyewahi kuchinja hawezi kuiamini hata kidogo.

Kwa asiyeijua hadithi, ni fupi. Barbra na kaka yake wanakwenda makaburini. Mtu mmoja anayeyumba anawashambulia, kaka anakufa, Barbra anakimbilia nyumba ya shamba. Anafika Ben, mtu mweusi, aliyeigizwa na Duane Jones. Anaanza kupigilia mbao milangoni na madirishani. Baadaye inagundulika kwamba ndani ya chumba cha chini ya ardhi wamo watu wengine: Harry Cooper na mkewe, binti yao aliyeumwa na mfu, na vijana wawili wapenzi, Tom na Judy. Ben anataka wakae juu. Harry anataka wajifungie chini. Wafu wanaongezeka nje. Hayo ndiyo yote, na yanatosha kwa dakika tisini na kitu.

Mgogoro wa kwanza wa watazamaji huwa juu ya mbao. Nyumba nyingi za Masisi ni za mbao, na kwenye chumba chochote cha sinema hakukosekani fundi seremala, au kijana aliyewahi kumshikia fundi ubao. Ben anavunja meza, anang'oa milango ya ndani, anachukua hata ubao wa kupigia pasi, na kuvigongomea kwa ndani ya fremu. Romero anaipa kazi hiyo muda mrefu, nyundo na msumari, nyundo na msumari, bila muziki wa kukufurahisha. Mtazamaji wa kawaida wa mjini huchoka hapa. Seremala anaamka. Ubao uliopigiliwa kwa ndani, anasema, haumzuii anayesukuma kutoka nje. Anayesukuma anauchomoa msumari kwa kuurudisha njia ileile ulioingilia. Angeipigilia misumari kwa kuikingamisha, mmoja ukielekea kushoto na mwingine kulia. Au angeacha misumari kabisa, akaegemeza gogo kutoka sakafuni hadi katikati ya mlango, ili kadiri wanavyosukuma ndivyo gogo linavyokaza.

Wakati huo filamu haijajibu chochote. Ben anaendelea kugonga, anaonekana shujaa, na seremala anaonekana mtu wa kulalamika. Kisha, karibu na mwisho, mikono inapenya, mbao zinaachia moja baada ya nyingine, misumari inachomoka kama alivyosema. Chumba kizima kinageuka kumtazama seremala.

Hapa ndipo ninapouona ufundi wa Romero kwa uwazi kuliko mahali pengine popote. Ameacha kosa lionekane mapema, akalinyamazia, akalilipa baadaye. Na si hilo tu. Tom na Judy wanapotoka na Ben kwenda kujaza gari mafuta kwenye pampu iliyo nje, Ben anaweka mwenge wa moto chini, Tom anafyatua bomba la mafuta kwa pupa, na petroli inaruka. Mtu yeyote aliyewahi kuuza petroli kando ya barabara, wale tunaowaita kadhafi, wenye chupa na bidon na mpira wa kunyonyea, ataanza kupiga kelele kabla tone halijaanguka. "Toa moto! Toa moto!" Na gari linawaka, na vijana wale wawili wanaungua humo. Kelele ya kadhafi ilikuwa sahihi, na filamu ilijua kwamba ni sahihi. Ilimngoja.

Nimeona filamu nyingine za maiti, za bei nafuu na za bei ghali, ambazo mtazamaji analalamika na filamu haijui kama amelalamika. Mashujaa wanaacha mlango wazi kwa sababu mwandishi alihitaji wafu waingie. Watu wanatengana bila sababu kwa sababu mwandishi alihitaji mmoja afe peke yake. Hapo watazamaji wa Mushaki huwa wakali, na wana haki. Wao wanajua kwamba familia inayokimbia haitengani kwa hiari. Hutenganishwa, na kuna tofauti. Akitenganishwa mtu kwa risasi au kwa msongamano darajani, wanakubali. Akitengana kwa sababu amekasirika kidogo usiku wa manane, wanacheka, na filamu haiwarudishi tena.

Sasa nimrudie mtafsiri, maana kazi yake inaanzia hapohapo penye malalamiko.

Sanaa hii ina ukoo mrefu. Japani, enzi za filamu zisizo na sauti, walikuwepo benshi, wasimulizi waliosimama kando ya kitambaa na ambao majina yao yaliwavuta watu kuliko majina ya waigizaji. Huku kwetu wakoloni waliihitaji mapema. Tanganyika, kuanzia 1935, mradi wa filamu za mafunzo uliokuwa na makao yake Vugiri, huko Usambara, ulizungusha filamu Afrika Mashariki zikiwa na maelezo kwa Kiswahili na lugha nyingine za wenyeji. Katika Kongo ya Wabelgiji wamisionari walitengeneza filamu na kuzizungusha vijijini, Mapadri Weupe wa Bukavu wakiwemo, na pembeni ya mashine alisimama mtu akiwaeleza watu kwa lugha yao wanachokiona. Mtu yule alipewa maneno ya kusema. Naamini hakuyasema yote, na aliongeza mengine, kwa sababu hakuna msimulizi aliye hai anayeweza kusimama mbele ya watu mia mbili na kubaki kipaza sauti cha mwingine.

Baadaye kazi hiyo ikatoka mikononi mwa serikali na misheni na kuingia mitaani. Tanzania ikampata Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, na kanda zake zilisafiri mbali. Kenya ina DJ Afro. Uganda ina kundi zima la watafsiri waitwao ma-VJ, VJ Jingo akiwa miongoni mwa wanaotajwa kwanza. Rwanda ilimpenda Yanga, aliyesimulia kwa Kinyarwanda. Kivu iko katikati ya sauti hizi zote, na kijana wa Masisi anayeshika maikrofoni amezisikia zote kabla hajafungua mdomo. Ukimsikiliza kwa makini unaweza kujua alikulia kwenye kanda za nani: kasi hii ni ya Kampala, kicheko hiki ni cha Nairobi, lakini neno la mwisho wa sentensi ni la Goma.

Vifaa vyake ni vichache. Televisheni, flash yenye filamu, spika mbili, maikrofoni, na umeme wa paneli za jua au wa jenereta ambayo mafuta yake yamepimwa yatoshe filamu mbili, si zaidi. Kidole kimoja kipo kwenye kitufe cha sauti. Kidole hicho ndicho ninachokitazama ninapotaka kujua kama nipo mbele ya fundi. Anayejifunza huishusha sauti ya filamu mwanzo na kuisahau huko chini, akaongea juu ya kila kitu hadi mwisho. Fundi hupandisha na kushusha bila kukoma. Mlango unapogongwa, anakuachia usikie. Risasi inapolia, anakuachia mshtuko, halafu anaingia na neno lake kabla mwangwi haujaisha. Anajua kwamba sikio la mtu aliyekulia Masisi linatambua umbali wa risasi, na hawezi kulidanganya kwa kuigiza mlio kwa mdomo.

Katika *Night of the Living Dead* mtihani wake mgumu ni ule wa nyundo. Barbra amepigwa na bumbuwazi, hasemi. Ben anafanya kazi. Kwa dakika nyingi hakuna cha kutafsiri, na mtafsiri asiyejiamini atajaza nafasi: atatania, atasalimia marafiki zake, atatangaza filamu ya kesho. Mtafsiri mzuri anamuita Ben kwa jina alilompa, tuseme Yaya Beni, yaani Kaka Beni, anataja kifaa kimoja anachokichukua, kisha ananyamaza na kuacha nyundo isikike. Anawapa watu nafasi ya kubishana juu ya misumari. Hicho ndicho kipimo changu cha juu kabisa: je, anaweza kuwaachia watazamaji wabishane bila kuwajibu? Anaijua filamu. Anajua mbao zitaachia. Akimwambia seremala "ngoja utaona," ameiba kitu ambacho Romero alikitunza kwa saa nzima.

Kuna mahali pengine ambapo lazima aseme sana. Redio ya nyumba ile inatangaza kwanza kwamba watu wabaki ndani na wafunge milango. Baadaye televisheni inatangaza kwamba kukaa ndani si salama tena, na watu waende kwenye vituo vya uokoaji, na majina ya vituo yanapita kwenye kioo. Maelezo ni mengi, maneno ya wataalamu wanaogombana wao kwa wao. Kuyatafsiri neno kwa neno kungewachosha watu. Nimesikia mtafsiri akiyafupisha kwa kuyasoma kwa sauti ya mtangazaji wa habari wa Radio Okapi, kasi ileile, utulivu uleule, halafu akatulia na kuuliza kwa sauti yake mwenyewe: asubuhi walisema tubaki, sasa wanasema tutoke, tuwasikilize wa asubuhi au wa sasa? Hakuna aliyehitaji maelezo zaidi. Watu wa Mushaki wameishi na swali hilo. Kituo cha uokoaji kilichotajwa redioni huenda kilikuwa salama jana.

Ugomvi mkubwa, unaoendelea hata baada ya jenereta kuzimwa, ni ule wa juu na chini. Ben anasema chumba cha chini ni mtego, kina mlango mmoja tu. Harry anasema mlango mmoja ndiyo faida yake, ni mmoja tu wa kulinda. Filamu inatupa Ben wa kumpenda na Harry wa kumchukia: Harry ni mwoga, ana hasira, anaongea vibaya na mkewe. Na bado mwishoni, mbao zikishaachia, anayebaki hai ni Ben, na anabaki hai kwa kuingia kulekule chini alikokataa. Harry alikuwa na jibu sahihi. Alilisema kwa namna ambayo hakuna mtu angetaka kumsikiliza.

Watazamaji wengi duniani hulipita jambo hili haraka. Wale niliotazama nao hawakulipita. Mama mmoja alimtetea Harry kwa nguvu: mtoto wake amelala chini akiwa na homa, nani angetaka kumpandisha juu penye madirisha? Kijana mmoja akamjibu kwamba mtu anayejificha haoni adui anatokea wapi. Mama akamwambia kwamba mtu mwenye mtoto mgonjwa hahitaji kumwona adui, anahitaji adui asimwone. Nilikaa kimya. Nimesoma uchambuzi mwingi wa filamu hii, na wengi wameandika vizuri juu ya rangi ya ngozi ya Ben, juu ya vita vya Vietnam, juu ya Marekani ya 1968. Hoja ya mama yule, iliyojengwa juu ya homa ya mtoto na mahali pa kumlaza, sikuwahi kuikuta kwenye ukurasa wowote, na inamfanya Harry awe mtu kamili, si kibonzo.

Lazima niseme pia juu ya mwendo wa wafu, kwa sababu ndio ufundi unaodharauliwa zaidi. Romero hakuwa na pesa ya kuwalipa waigizaji mia, wala muda wa kuwafundisha. Aliwaachia kila mmoja atembee anavyodhani maiti angetembea. Ukitazama vizuri, hakuna wawili wanaofanana: mmoja anaburuta mguu, mwingine amenyooka mno, mwingine anasita kama aliyesahau alichokuja kuchukua. Filamu ghali za siku hizi hufundisha wafu wote mwendo mmoja, kisha huwakimbiza. Watazamaji huwaogopa wanaokimbia kwa dakika kumi, halafu wanawazoea. Wanaotembea polepole wanaogopwa hadi mwisho, na sababu niliyopewa ni nzuri: anayekimbia utamsikia, anayetembea utamkuta amefika.

Wapo mafundi wa karibu nasi wanaofanya kazi kwa mkono uleule. Kule Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alianzisha studio yake mwaka 2005, na mwaka 2010 akatoa *Who Killed Captain Alex?*, filamu ya mapigano inayosemekana iligharimu chini ya dola 200. Dauda Bisaso aliwatengenezea bunduki kwa vyuma chakavu. Damu ni rangi ya chakula iliyotiwa ndani ya kondomu na kuvutwa kwa uzi ipasuke kifuani. Zamani walitumia damu ya ng'ombe, wakaiacha kwa sababu iliwaletea waigizaji ugonjwa. Kompyuta ya kuhariria Nabwana aliiunganisha mwenyewe kwa vipande, na nafasi ya kuhifadhi ilikuwa ndogo kiasi kwamba ili kutengeneza filamu iliyofuata ilibidi nakala asili ya hii ifutwe. Kilichobaki ni ile yenye sauti ya VJ Emmie juu yake. Dunia nzima iliyoipenda filamu hiyo baada ya kuwekwa mtandaoni haijawahi kuisikia bila msimulizi. Kazi ya mtafsiri, ambayo wengi huiona kama vumbi lililoangukia filamu, hapo ndiyo iliyoiokoa.

Filamu ya Romero nayo ilinusurika kwa ajali ya makaratasi. Msambazaji alipobadilisha jina lake dakika za mwisho, tangazo la hakimiliki lililokuwa pamoja na jina la zamani likaachwa nje, na kwa sheria ya Marekani ya wakati huo filamu ikawa mali ya watu wote. Waliochanga dola 600 walikosa mali nyingi kwa kosa hilo, na naliona kama dhuluma kwao. Lakini ndiyo sababu inaweza kupita kwenye flash yoyote, chumba chochote, na kusimuliwa na yeyote bila kumwibia mtu.

Linabaki jambo la mwisho wake. Ben amelala usiku kule chini. Asubuhi wanakuja watu wenye bunduki na mbwa, raia na polisi, wakisafisha mashamba, wakipiga risasi kila mfu aliyesimama. Ben anasikia, anapanda juu, anakaribia dirisha akiwa na bunduki yake. Mmoja wao anamwona, analenga, anampiga kichwani. Anaburutwa kwa kulabu na kuchomwa pamoja na wafu.

Maoni ya watazamaji hapa hayakuwa ya huzuni kwanza. Yalikuwa ya ufundi. Asingeenda dirishani na bunduki. Mtu anayeona kundi lenye silaha asubuhi, awe ni wa upande wowote, haonyeshi bunduki na haonyeshi kichwa. Anatoa sauti kwanza. Anapiga kelele, anaita jina la Mungu, anaimba, anataja jina lake na la baba yake. Kwa usiku mzima tumeona kwamba wafu hawasemi, alisema mmoja. Neno moja tu lingewaonyesha wale kuwa yeye yu hai. Ni hoja nzito, na sijapata ya kuipinga. Ben ndiye aliyeongea kuliko wote ndani ya nyumba ile, akapanga, akaamuru, akabishana, na asubuhi hakutoa hata neno.

Baadaye nilimsikia mtafsiri akiisimulia filamu hiyohiyo kwa watu wengine. Lawama ya kadhafi ilikuwa imeshaingia ndani ya simulizi yake: Tom alipofika kwenye pampu, mtafsiri alimtia maneno mdomoni, "Yaya Beni, ule moto uko karibu," na Ben hakumsikia. Hoja ya mama yule nayo ilikuwamo, imepewa mke wa Harry, pale anapomwangalia binti yao. Aliyekuja siku hiyo hakujua kwamba alikuwa anasikiliza maoni ya watu waliotangulia kukaa kwenye mabenchi yale.

Kwenye tukio la dirishani mtafsiri alijaribu kitu ambacho sikubaliani nacho. Alimpa Ben sauti. "Mi ni mutu! Musipige!" akapaza, na risasi ikalia juu ya neno lake. Chumba kilipiga yowe. Ilikuwa na nguvu, sikatai, na ukweli wake hakuna mtu wa Masisi atakayeubishia, kwamba zipo asubuhi ambazo mtu husema na bado hupigwa. Lakini Romero alimnyamazisha Ben kwa makusudi, na kimya kile ndicho kilichowapa watazamaji wa kwanza hoja yao. Nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba waliompigia kelele Ben aongee walikuwa wengi, na yeye anawafanyia kazi wao. Tulibishana hadi tukafika barabarani. Amesema ataijaribu mara nyingine bila sauti, alinganishe chumba kitasema nini.